Pigo la Juu ya Kitovu

Valeria,

Sianzi na salamu. Salamu tulimaliza asubuhi, wewe ukasema shikamoo, mimi nikasema marahaba, halafu nikakufukuza jikoni na mwiko mkononi. Umekwenda Dirma kumuaga shangazi yako huku unalia njiani, na majirani wamekuona. Wakuone tu. Kesho unapanda basi pale Katesh, kisha ndege, kisha Japani, na mimi sina hamu ya kukuandikia barua tamu. Barua tamu utaandikiwa na baba yako mdogo Gwandu, ambaye hutoa hotuba hata kwenye harusi asiyoalikwa.

Mambo ya sweta, chakula na kusali kabla ya kulala sitayagusa. Una akili, na baridi ikikushika utaitafuta sweta mwenyewe. Naandika kwa sababu ya asubuhi. Ulisimama mlangoni na kile kimashine chako kinachochomekwa kwenye simu, kile kinachofanana na mashine ya kinyozi, ukasema kwa sauti ya kubembeleza: "Mama, kitongoji kizima nimekipima matumbo, umebaki wewe tu. Lala kidogo nikuangalie kabla sijaondoka." Nikakujibu kwamba tumbo langu si shamba la shule, kila mwenye jembe aje alime. Nikasema na mengine, sitayarudia kwa maandishi. Tangu hapo nimekasirika, bado nimekasirika, na maharage yameungua.

Lakini hasira yangu haikuzaliwa leo jikoni. Ilianza Jumapili. Baada ya misa walikusimamisha mbele ili watu wakuage, na mwenyekiti wa kigango akakuomba ueleze unakwenda kusoma nini. Ulieleza vizuri, hilo sikunyimi. Ulisema Japani wako madaktari wa dawa zao za asili ambao humlaza mgonjwa, wakampapasa tumbo, wakahisi wapi pako laini, wapi pagumu, wapi panapiga, na kila hali wameipa jina na dawa yake tangu enzi za mababu. Ukasema sasa profesa wako anataka kujua chini ya mkono kuna nini hasa. Kwa hiyo mgonjwa akishapapaswa anapigwa ultrasaundi, wengine wanaingizwa kwenye ile mashine kubwa kama pipa, ili picha ilinganishwe na mkono. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Yaani mtoto wetu anapanda ndege kwenda kusomea kukanda tumbo?" Watu wakacheka, hata padri alicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha ukasema: "Mimi nimekulia kwenye mkono huo. Mama yangu anakanda matumbo. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa ambao mkono uliushika kabla ya mashine. Niliwaandikia hivyo, ndiyo maana wakanichukua." Kanisa zima likageuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nikatazama viatu vyangu mpaka kwaya ilipoanza kuimba.

Nani alikupa ruhusa ya kumpeleka baba yako Japani? Ungeomba nafasi hiyo kwa cheti chako cha mionzi. Ungeomba kwa alama zako, ni nzuri, mimi mwenyewe nilizitembeza kijiji kizima. Wewe ukaona hazitoshi, ukaongeza na kaburi letu. Na ukalieleza nusu. Nusu nyingine ulinifichia kwa upole, kama kawaida yako, na upole huo ndio unaonichoma zaidi.

Haya, kosa si lako peke yako. Nilikwisha kukubali nionyeshwe. Wakati wa kupanda mahindi uliegemeza simu kwenye debe, ukamlaza Sesilia, binti wa jirani, kwenye ngozi ya ng'ombe, ukaniomba nimkande ili profesa aone. Nikamkanda. Yule mzee kule kwenye simu akauliza kitu, ukanitafsiria: "Mama, anauliza unahisi nini sasa hivi." Nikasema, "Mwambie nahisi ngozi." Ulimwambia maneno marefu kuliko hayo, nilisikia, maana neno ngozi haliwezi kuwa refu hivyo hata kwa Kiingereza. Akainama mpaka upara wake ukajaza simu yote. Ukafurahi sana. "Mama, amekuheshimu!" Nitakuja kwenye heshima baadaye, heshima nina deni nayo.

Mkono huu nilipewa na bibi yako wa Maretadu. Alinifundisha kumlaza mtu chali, magoti yakunjwe, samli ipashwe moto kidogo, na mimi nisubiri apumue nje ndipo nishuke na vidole. Uliponiambia Wajapani wanamlaza mgonjwa miguu imenyooka, nilikucheka. Nikasema hata mbuzi anajua tumbo linalegea ukikunja miguu. Ukanijibu, "Hawatafuti ulegevu, Mama. Wanataka kusikia tumbo linavyojikaza lenyewe." Nikainamia ungo. Jibu lilikuwa zuri na sikutaka ulione usoni kwangu.

Ulinieleza na hali zao nyingine siku ile, tukichambua mbaazi. Pagumu chini ya mbavu, mtu asiyepumua vizuri. Maji yanayocheza tumboni ukimgonga mgonjwa kidogo. Chini ya kitovu palipolegea kama kibuyu kikuukuu, mtu aliyeishiwa nguvu. Pembeni ya kitovu panapouma, wao wanasema damu imetuama. Ukasema kazi yako itakuwa kutazama: je, ule ugumu ni misuli, au ni gesi, au ni ini limeshuka? Maji yapo kweli? Nilipenda kukusikiliza, sikatai. Nilikuwa nadhani umepata kazi ya maana.

Halafu ukafika kwenye pigo la juu ya kitovu. Ukasema kwao pigo hilo mara nyingi ni dalili ya mtu mwenye wasiwasi, anayeshtukashtuka, asiyelala. Wanampa dawa yenye mdalasini, na makombe ya baharini yaliyosagwa, na mifupa ya wanyama wa zamani iliyochimbwa ardhini. Nikasema, na sisi ndio tunaoitwa washirikina! Ukacheka mpaka mbaazi zikamwagika. Lakini mimi sikucheka, maana bibi yako alisema hivyohivyo. Alilipa jina, moyo wa tumbo. Mtu akiwa na mawazo, alisema, moyo wake wa tumbo unapanda juu na kupiga. Wewe ukaona ni ajabu kubwa, watu wa Maretadu na watu wa Japani ambao hawajawahi kuonana wameweka mkono mahali pamoja na kusema neno moja. Uliona utafiti. Mimi nilimwona baba yako amelala kwenye ngozi ile.

Unalijua tumbo la baba yako kwenye kioo cha mashine tu. Ngoja nikupe la mkononi, maana hilo hukuwaambia kanisani, na hukuwaambia kwa sababu sikuwahi kukupa.

Alikuwa mwembamba, mvutaji wa tumbaku ya kusokota, na mwaka ule alikuwa na ugomvi na Gwandu kuhusu mpaka wa shamba. Akaanza kulalamika mgongo. Mgongo, kisha tumbo, kisha mgongo. Nikamlaza, nikakunja magoti yake, nikaweka vidole juu ya kitovu, pakawa panapiga. Nikamwambia, "Baba Valeria, una mawazo. Ni moyo wa tumbo." Alifurahi kuambiwa hivyo. Nyumba nzima ikaanza kutembea kwa kunyata ili asiudhike. Gwandu akaja na mbuzi, akasema mpaka uachwe ulipo, wakashikana mikono. Baba yako akakaa kitandani anakula maini ya mbuzi yule na kutoa amri kama chifu. Tulifurahi sana sote. Pigo halikupungua.

Sasa sikiliza. Kwa wenye mawazo niliowahi kuwakanda, pigo lile linanyanyua vidole juu, kama mtoto anayepiga teke tumboni. La baba yako halikunyanyua, lilitenganisha. Nilikuwa nikiweka vidole vya mkono wa kulia upande huu na vya kushoto upande ule, vinaachana, kila pigo vinaachana, huku na huku. Nilihisi, Valeria. Mkono wangu haukukosea hata kidogo. Niliyekosea ni mimi mwenye mkono, kwa sababu jina nilikuwa nalo tayari, na mtu mwenye jina tayari hana haja ya kuuliza. Nikaongeza samli.

Ndipo ukaja likizo. Ulimwona anavyoinuka kwenye kigoda kwa shida, ukashika ukuta wewe badala yake. Ukasema, "Baba, kesho twende hospitali nikupige picha ya tumbo." Unakumbuka alivyokujibu. "Wewe? Mimi nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ulipougua surua, leo nikufunulie tumbo ulitazame?" Ulibembeleza. Ukasema yupo kijana mwenzako wa kiume anayeweza kumpima, ila amekwenda mafunzo, atarudi wiki inayofuata. Kisha ukanigeukia mimi. "Mama, mwambie."

Nikasema: "Mwache baba yako. Mtoto hafunui tumbo la mzazi. Atamsubiri huyo kijana."

Ukasema, "Sawa, Mama."

Hakumsubiri. Wewe ulikwisha kurudi kazini, yeye akajitia nguvu akaenda kutazama alizeti, akaangukia humohumo. Gwandu aliendesha gari lile la mizigo kama mwizi anayefukuzwa, mimi nyuma nimemshika kichwa, na tulipofika zamu ilikuwa yako. Walikata shati lake kwa mkasi. Ukamfunua mwenyewe, mbele yangu, na hakuwa na nguvu ya kukukataza. Ukapaka ile jeli. Sikutazama kioo, nilitazama uso wako, nikajua kabla hujasema. Baadaye ulinieleza kwamba mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umevimba kama mpira wa baiskeli unapotaka kupasuka, na ulikuwa umepasuka. Alifia pale, gari la kumpeleka hospitali kubwa likiwa linawashwa. Heshima yake tuliilinda mpaka haikumfaa kitu.

Mara nyingi umeniambia hata kama tungejua mapema, upasuaji wa namna ile ni mgumu na uko mbali, huenda usingesaidia. Acha kuniambia hivyo. Hilo "huenda" lako ni blanketi, na sikukuomba unifunike.

Sasa nikuonyeshe hasira yangu ilipo. Profesa nimemtukana bure, Jumapili yenyewe ingenipita kufikia Jumanne. Nimekasirikia ile "Sawa, Mama." Wewe ulikuwa umesoma. Ulikuwa umeona matumbo ya watu wengi, ulijua mzee mvutaji anayeumwa mgongo na anayepigwa na kitu juu ya kitovu si wa kusubiri wiki. Mimi nilikuwa mwanamke wa samli. Kwa nini ulinitii? Ungenitukana. Ungemwaga ugali. Ungemwita padri, ungemwita mwenyekiti wa kitongoji, ungemwita hata Gwandu na mbuzi mwingine. Ungelala mlangoni mpaka tukuruke. Ukasema sawa, ukaosha vyombo, ukaenda kupanga nguo zako.

Usiniambie sikutendei haki. Najua sikutendei haki. Wa kutenda haki yuko mbinguni, mimi ni mama yako. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikulea kwa adabu, nikakusifia adabu, nikakupiga kwa ajili ya adabu. Wenzako walipokuwa wakibishana na mama zao kisimani, nilikuwa natembea mbele yako kifua juu, kwa sababu wangu habishi. Nilidhani nimefuga baraka. Nakuchukia kwa utii ule, na najichukia zaidi kwa sababu ni kazi ya mikono yangu. Nimeliandika, sasa limeandikwa.

Na unakokwenda ndiko kwenyewe. Wewe mwenyewe uliniambia kule watu wanainamiana, kwamba mwanafunzi hamkatizi mwalimu, kwamba mdogo anasubiri mkubwa amalize hata kama mkubwa amepotea. Ulilisema kwa furaha: "Mama, nitajisikia nyumbani." Hilo ndilo linalonitisha. Siku moja yule mzee mwenye upara ataweka vidole juu ya kitovu cha mtu fulani mwembamba, atasema ni wasiwasi, apewe makombe. Wewe utakuwa umeshika mashine. Huenda umeona kitu, huenda hujaona bado, una shaka tu. Watu wote wataitikia kwa kichwa. Wewe usiitikie. Mwambie kuna mama kwetu Balangdalalu anauliza vidole vinakwenda juu au vinaachana. Akikasirika akasirike. Mimi nimekasirika tangu Jumapili na bado niko hai.

Na usidhani nimekuwa mtu wa mashine. Mashine yako nayo ina kiburi. Wiki iliyopita ulimlaza Sesilia yuleyule, pigo lake likionekana hata kwa macho, ukampima, ukasema mshipa ni mzima, uko karibu na ngozi tu kwa sababu binti ni mwembamba. "Kawaida," ukasema. Ukapangusa jeli, ukaita mwingine. Nilifurahi kwamba ni mzima. Lakini alirudi kwangu jioni, nikamkanda, chini ya mbavu pamekaza kama ubao, pigo linanyanyua vidole juu, juu, juu. Niliacha mkono palepale. Akaanza kulia, akaniambia mambo ya nyumbani kwake ambayo hayapo kwenye kioo chochote. Ule ulikuwa wasiwasi, Valeria. Upo. Bibi yako hakuuota na Wajapani hawakuuota. Mtu akilia tumbo mkamwambia picha ni safi, kisha mkaita mwingine, hamjamtibu, mmemtoa kwenye benchi. Kwa hiyo na mashine ikisema kawaida, hapo pia usiseme sawa upesi.

Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kumzika mtu. Mkono unahisi, kioo kinaonyesha, na katikati yake anakaa mwenye mdomo, anayetaka kulipa jambo jina haraka ili akapumzike. Huyo ndiye wa kumwangalia.

Sasa tumbo langu.

Tangu tulipopiga maharage, juu ya kitovu panapiga. Nikilala chali nalisikia kabla sijaweka mkono. Mgongo nao unauma, lakini mgongo wa mkulima ukiacha kuuma ndipo umwite daktari. Situmii tumbaku, si mwanaume, na mtoto wangu wa pekee anaondoka, kwa hiyo sababu ya kuwa na mawazo ninayo kubwa kuliko ya Gwandu na mpaka wake. Nimejipapasa. Siwezi kujua. Vidole ni vyangu na tumbo ni langu, na vyote viwili vinaogopa. Kuna siku vinakwenda juu. Jana viliachana, au nilidhani vinaachana, nikaamka nikaenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilipanga kunyamaza mpaka ndege iruke. Nilijiambia nakulinda ili usiikose safari. Uongo mtupu. Wewe huiachi safari kwa ajili ya machozi ya shangazi yako, wala hutabaki kwa ajili ya mgongo wangu kama mimi mwenyewe nikikukataza. Nilikuwa naona aibu. Ni aibu ileile ya baba yako. Tumbo hili limekubeba wewe, lina michirizi, lina kovu la kukutoa, na mimi nilale hapo kama gunia, wewe unalitazama kwenye simu unayotumia kuongea na watu. Mficha uchi hazai, tunawaambia hivyo wanawake wanaokuja kujifungua, tunawaambia kwa ukali. Mimi nimewaambia mara nyingi sana.

Asubuhi ulipokuja mlangoni nadhani uliniona nimeshika mgongo. Ulijua, au ulishuku. Nikapiga kelele, nikainua mwiko, nikasema shamba la shule. Nilipomaliza nilisubiri. Nilitaka unipokonye ule mwiko. Nilitaka kwa mara moja maishani mwako usimame hapohapo mlangoni uniambie hapana, mama, lala chini.

Ukasema, "Sawa, Mama." Ukachukua khanga yako, ukaenda Dirma.

Neno lilelile! Nilikaa kwenye kigoda nikaacha maharage yaungue mpaka chungu kikapasuka. Sijakilaumu chungu.

Kwa hiyo barua hii nimeiweka mezani, juu ya kile kimashine chako, huwezi kukichukua bila kuigusa. Isome uliposimama. Mimi niko chumbani, mlango sijaufunga, nimelala kwenye ngozi. Anza na mkono, halafu picha. Miguu nitainyoosha au nitaikunja, chagua mwenyewe kati ya Wajapani na bibi yako. Jeli ipashe kwanza mikononi, ni ya baridi, nilimwona Sesilia alivyoruka.

Ukiona kitu usiniambie huenda. Niambie jina lake. Kesho tutapanda basi moja, mimi nitashuka hospitali na Gwandu atanishika mkono, wewe utaendelea na safari yako, na ukijaribu kushuka nitakupiga mbele ya abiria. Usipoona kitu, basi ni moyo wa tumbo tu, nina mawazo, na unajua yanatoka wapi. Hapo utamwandikia profesa wako kwamba safari hii wazee walipatia.

Sijakusamehe Jumapili. Nitakusamehe nikiwa na nafasi. Ila najua nilivyo, ukiingia nitajaribu tena. Nitageukia ukutani, nitavuta khanga, nitasema niache, nitasema mtoto hafunui tumbo la mzazi. Nitasema kwa ile sauti unayoiogopa tangu utoto. Usinisikilize.

Na usianze na shikamoo. Funua.

Mama yako